Kamisheni sifuri si bure: hesabu niliyopiga kabla ya kumtumia mdogo wangu milioni 3

Leo tuongee makato ya kununua hisa, maana nimeponea chupuchupu.

Mdogo wangu yuko Marekani. Mwezi uliopita kanipigia: "Dada, hiyo milioni 3 unayoiweka kwa ajili ya ada ya mtoto, nitumie nikununulie hisa huku. Huku kamisheni ni sifuri, sio kama huko mnakokatwa kila mkipumua." Kiukweli nilishawishika. Mwaka juzi nilinunua hisa hapa Dar za milioni 1, nikakatwa kama asilimia 2.4, yaani elfu 24. Baada ya miezi mitatu nikabanwa na mzigo wa Idi, nikauza. Bei ilikuwa imepanda asilimia 3, nikajua nimekula faida. Kumbe kuuza nako kuna makato! Ukijumlisha kununua na kuuza, nilitoka na hasara ya karibu elfu 19 kwenye hisa iliyopanda.

Kwa hiyo nikamwambia subiri kwanza, nikachukua daftari la dukani.

Madalali wa bei chee wa Marekani walianza kushamiri baada ya Mei 1, 1975, siku ambayo kamisheni za kupangwa zilifutwa na kila dalali akaruhusiwa kujipangia bei. Charles Schwab ni mmoja wa waliojitajirisha hapo. Kabla ya Oktoba 2019 Schwab walitoza dola 4.95 kwa kila ununuzi wa mtandaoni. Angalia hapo: anayenunua hisa za dola 5,000, hiyo ni asilimia 0.1 tu. Anayenunua za dola 50, ni karibu asilimia 10! Kiwango kimoja kwa wote kinamuumiza mwenye mtaji mdogo, kama vile kukodi Fuso kubebea gunia moja. Oktoba hiyo Schwab wakashusha hadi sifuri, na wenzao wakubwa wakafuata ndani ya siku chache.

Sasa wanakula wapi? Nilimuuliza mdogo wangu, naye hakuwa na jibu. Baadhi yao hulipwa na kampuni kubwa zinazopokea oda za wateja, kama dalali wa sokoni anayekubeba "bure" kukupeleka kwa mwenye stoo, halafu anachukua chake nyuma ya pazia. Pia kuna pengo la bei ya kununua na bei ya kuuza, lile lile tunalolijua kwenye duka la fedha za kigeni. Hela yako ikikaa kwenye akaunti bila kununua kitu, dalali anaizalisha na wewe unapewa riba kiduchu. Na ukitaka kuhamia kwa dalali mwingine, wapo wanaotoza hadi dola 75.

Kubwa zaidi ni ada ya mfuko wenyewe, hii haionekani kwenye risiti kabisa. Mfuko wa Vanguard unaofuata kampuni 500 kubwa za Marekani unakata asilimia 0.03 kwa mwaka. SPY, unaofuata kampuni hizo hizo, unakata 0.0945. Kwa dola 10,000 ni dola 3 kwa dola 9 na senti 45, bidhaa ile ile. Mifuko ambayo meneja anachagua hisa mwenyewe inaweza kufika asilimia 1, yaani dola 100 kila mwaka, upate usipate.

Haya, turudi kwenye milioni 3 yangu. Nikiziweka hapa, kununua ni elfu 72, na nikija kuuza kwa bei ile ile elfu 72 nyingine: jumla elfu 144. Nikimtumia yeye, ada ya kutuma pamoja na kupunjwa kwenye bei ya dola nilihesabu elfu 95 kwenda. Kurudi tuseme vilevile. Hiyo ni elfu 190, na kamisheni ni sifuri!

Halafu akaunti ni ya jina lake. Kodi itamwangukia yeye, na Mungu apishie mbali, likimpata la kumpata, mimi nitaonyesha karatasi gani kwamba ile hela ni ya kwangu? Hilo ndilo lililonitoa jasho kuliko makato.

Nilipomsomea daftari akanyamaza kidogo, akasema, "Basi dada, weka huko huko." Ila yeye nimemwambia aendelee, kwake inalipa: analipwa kwa dola, ananunua kwa dola, hana nauli ya kwenda na kurudi. Kaangalia ada ya mfuko wake jioni ile ile. Ni asilimia 0.68, na alikuwa hajui.

Mimi milioni 2 nimenunua hisa, na sitazigusa hadi mtoto afike kidato cha tano. Milioni 1 ya muhula ujao nimeiacha benki, sirudii ya Idi.

Wenye risiti za madalali wa hapa, hebu zitoeni. Jumlisheni makato yote, gawanyeni kwa hela mliyonunulia, mtuandikie hapo chini mmekatwa asilimia ngapi.