Doti Moja kwa Mkono wa Nani?

Muuza vitambaa wa sokoni hapa Tabora alinipimia kaniki, akaikunja, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, wewe ni mganga?" Sikumshangaa. Siku hizi mtu anayenunua kaniki nyeusi na merikani nyeupe kwa pamoja, tena mita nyingi, ama ana kilinge ama ametumwa na mwenye kilinge. Nikamwambia nashona nguo za wapagazi wa zamani na nitakwenda nazo Marekani. Akacheka mpaka akakaa chini. "Yaani unawapelekea merikani Wamarekani?"

Ndiyo hasa ninachofanya. Nimealikwa kukaa miezi miwili kwenye makazi ya wasanii huko Massachusetts, si mbali na Salem, bandari ambayo meli zake zilikileta kitambaa hiki Unguja katika karne ya 19 mpaka watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Kazi yangu ni onyesho la kutembea: msafara wa watu watatu, waliovaa kama wangevaa mwaka 1872, unapita mitaani na mizigo kichwani. Nimechagua mwaka huo kwa sababu ya Kwihara, pale kwenye tembe ambalo Livingstone alikaa akisubiri wapagazi na vifaa hadi alipoondoka tarehe 25 Agosti 1872. Nimekulia karibu na pale. Shuleni tulipelekwa kuliona tembe, tukaambiwa habari za Mzungu, tukarudi. Habari za waliombebea mizigo sikumbuki kama ziliguswa.

Kwa miezi mitano nimeshona, nikafumua, nikavaa, nikaanguka. Naandika haya kwa yeyote atakayetaka kushona nguo za njia ya misafara asije akarudia makosa yangu, ambayo ni mengi.

Kosa la kwanza lilikuwa mkasi. Mimi nimesomea ushonaji, kwa hiyo nilianza kama nilivyofundishwa: karatasi, rula, chaki, mikato. Wiki tatu zikapotea. Kumbe nguo ya njia hii, kwa sehemu kubwa, haikushonwa. Ilipimwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika kwa kirefu kuhusu vitambaa katika kitabu chake cha mwaka 1860, na ukisoma kurasa zile utadhani unasoma daftari la benki. Kitambaa ndicho kilikuwa fedha. Mpagazi alilipwa kitambaa, posho ya njiani ilinunuliwa kwa kitambaa na shanga, na watemi wa Ugogo walitoza hongo ya kitambaa kabla ya kuruhusu msafara upite. Aliyejifunga shuka alikuwa amejifunga mshahara wake. Nani atachukua mkasi akate noti yake ili imkae vizuri mabegani?

Kwa hiyo weka mkasi kando, jifunze vipimo. Mkono ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili, yaani mikono minane, ni doti. Kitambaa kizima kama kilivyotoka kiwandani ni jora. Maneno haya bado tunayo. Doti ya kanga kila mtu anaijua, na jora bado linatajwa madukani. Tumesahau tu kwamba nyuma yake kulikuwa na kiwiko cha mtu.

Hapo ndipo nilipomhitaji fundi. Ana cherehani barazani kwake Ng'ambo, hapahapa mjini, ni mzee mrefu, mikono yake kama makasia. Nilipomweleza habari ya mkono akaniuliza, "Mkono wa nani?" Tukapima. Wangu ni sentimita 43, wake 49. Ukizidisha mara nane, doti yangu na doti yake zinapishana kwa sentimita 48, zaidi ya mkono wangu mmoja mzima. Sasa fikiria mnunuzi na muuzaji wanavyobishana, kila upande umeleta mtu wake mwenye mkono mrefu au mfupi kadiri ya faida. Mimi nilikata shauri kutumia sentimita 45, ambayo ni karibu nusu wari, na shuka yangu ikawa mita 1 na sentimita 80. Wewe ukiwa na fundi mkarimu tumia mkono wake.

Kuhusu kitambaa chenyewe, tafuta pamba tupu, nzito kidogo, isiyopaushwa ikawa nyeupe ya kung'aa. Merikani halisi ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa. Chomoa nyuzi mbili tatu uzichome kwa kiberiti: pamba huacha majivu laini, polyester hugandamana kama plastiki. Loweka usiku kucha na ufue mara mbili kabla ya kugusa sindano, kwa sababu wanga wa kiwandani hudanganya vidole, na kitambaa kitaruka ukishashona. Kisha angalia upana. Majora ya zamani yalikuwa na upana wa karibu wari moja. Roli niliyopata mimi ilikuwa na sentimita 150, nikaichana kwa urefu. Ukitaka vazi pana, unganisha pande mbili kwa mshono wa mkono na uuache uonekane. Mshono ule wa katikati ndio unaoitambulisha nguo ya kipindi kile, na watu wengi huuficha.

Uzi nao uwe wa pamba. Ncha za shuka nilizikunga kwa mkono, nikianza na bandi ndefu za kushikilia, kisha nikarudi na mishono midogo. Bibi yangu alinipokonya sindano siku ya pili. Kwa maelezo yake nilikuwa nashona "kama mtu anayeziba gunia la tumbaku".

Kaniki ilinipa adabu. Ile ya zamani ilitiwa nili, buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, nayo iliachia rangi kwenye ngozi ya mvaaji. Ya leo ina rangi nyingine, lakini tabia hiyo haijaiacha. Niliisuuza mara moja tu, nikaikunja ikiwa na unyevu juu ya shuka mbili za merikani nilizokwisha kuzikunga, nikaenda msibani Urambo kwa siku mbili. Niliporudi, kazi ya wiki mbili ilikuwa na ramani ya Ziwa Tanganyika katikati. Chumvi haikusaidia, siki haikusaidia. Suuza kaniki mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni mara kumi, na ikauke peke yake. Shuka zile mbili sikuzitupa. Nitazivaa mimi.

Na tafadhali usitumie kanga. Najua inavutia, najua ndiyo inayosema "Uswahili" kwa haraka mbele ya mgeni. Lakini kanga ilishika mtindo mwishoni mwa karne ya 19, na msafara wa mwaka 1872 haukuwa nayo. Vitenge ndiyo kabisa. Ukitaka rangi, soma habari za debwani, nguo ya mistari iliyofumwa Oman, au vitambaa vya kisutu. Kwa picha, mkusanyiko wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern unapatikana mtandaoni na una maelfu ya picha za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860. Zitazame kwa tahadhari. Nyingi zilipigwa studio, mpagazi amesimama mbele ya pazia na kuambiwa asitikisike. Mimi niliangalia mafundo tu: limefungwa bega gani, ncha inaning'inia mbele au nyuma.

Nguo pekee iliyonilazimisha kushona kweli ni kanzu. Katika msafara wangu kuna mwungwana wa pwani, na waungwana hawakusafiri vifua wazi. Hapa ndipo nilipoona akili ya watu walioheshimu kitambaa. Kanzu ina badani mbele na nyuma, zinazoshuka moja kwa moja kufuata uzi wa kitambaa. Ubavuni zinaingia taharizi, vipande vinavyopanuka kwenda chini ili mtu aweze kupiga hatua. Chini ya makwapa kuna vikwapa, vipande vidogo vya mraba, bila hivyo ukinyanyua mkono kanzu yote inapanda. Shingoni kuna kaba kwa ndani na darizi kwa juu, na mwishoni mwa mikono kuna sijafu. Taharizi mbili hupatikana kwa kukata pande moja mshazari, kona hadi kona. Hakuna kinachobaki. Fundi aliweka mabaki yangu yote ya kanzu ya kwanza kwenye kiganja akaniuliza kama nalisha kuku.

Kanzu ya kwanza iliharibika kwa jambo dogo. Nilishona upande wa mshazari kwa upande wa mshazari, na baada ya siku mbili mbavu za kanzu zikalegea na kuning'inia. Upande wa mshazari uushone kwenye ukingo ulionyooka wa badani, huo ndio unaoushikilia. Kisha itundike kanzu usiku kucha kabla ya kupinda chini, kitambaa kishuke kinapotaka kushuka, ndipo ukate na kukunga.

Kirangozi, kiongozi wa njia, ndiye aliyevaa kwa kujionyesha: kipande kirefu cha joho jekundu chenye tundu la kupitishia kichwa, na kichwani ngozi ya mbega nyeusi na nyeupe. Joho nimelipata kwa kukata blanketi jekundu la sufu la mtumba. Ngozi ya mbega usiitafute, na usikubali hata ukipewa zawadi na mzee mwenye nia njema. Kukutwa na nyara za wanyamapori bila kibali ni kesi hapa nyumbani, na uwanja wa ndege hawatakusikiliza habari za sanaa. Mimi nimechambua katani, nusu nikaitia rangi nyeusi. Kwa mbali inatosha. Kwa karibu inafanana na ufagio, nakiri.

Kushona ni nusu ya kazi. Jumamosi moja ya kiangazi niliamka alfajiri, nikajifunga shuka chini ya makwapa, nikaweka ngata kichwani na furushi la kilo 15, nikashika njia kutoka Kwihara kuja mjini, ile inayopita kwenye miembe mikubwa ambayo wazee husema ilipandwa enzi za misafara. "Mwangaluka," akaniamkia mama mmoja kutoka shambani, nikaitikia bila kugeuza shingo, na kwa kujisifu huko shuka ikaanza kufunguka. Ukiwa na mzigo kichwani huna mkono wa kushika nguo. Nililitupa furushi. Yule mama akaja, akaikaza shuka kwa kuviringisha ncha ya juu mara tatu kuelekea ndani badala ya fundo, akanipiga begani, akaenda zake. Tangu siku hiyo haijafunguka. Fundo huteleza kadiri jasho linavyoongezeka, kiviringo hukaza.

Vumbi lilinifundisha jambo jingine. Wapagazi waliweka nguo njema ndani ya mzigo na kuivaa walipokaribia mji, na mvua ikinyesha walivua ngozi ya mbuzi waliyojifunika, wakaikunja kuiweka chini ya mzigo ili wapate kitu kikavu usiku. Shona seti mbili basi: moja ya njia, chakavu, na moja ya kuingilia mjini. Onyesho langu sasa lina sehemu ya kubadili nguo, ambayo kwenye andiko la maombi haikuwamo.

Barua pepe moja kutoka Massachusetts, sisemi ya nani, iliuliza kama kutakuwa na minyororo. Niliiacha siku nne bila kuijibu. Watumwa walipita njia hii, hapa Tabora walipita na hapa waliuzwa. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi kwa wingi wao walikuwa watu wa kuajiriwa, waliojua bei ya kazi yao na waliogoma posho ilipopunguzwa. Na nguo? Merikani ileile nyeupe aliyolipwa mpagazi ndiyo aliyovishwa mtumwa pwani. Pamba ya viwanda vya New England nayo ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na vita vya huko vya 1861 hadi 1865 vilipoikata, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza nafasi, ila jina merikani likabaki. Kitambaa hakikuambii nani ni huru. Nilijibu kwamba minyororo haitakuwapo, na kwamba nitaleta jora zima ili wanaotazama walishike na kulipima wenyewe.

Juzi nimefunga mizigo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Tiketi yangu inaruhusu begi la kilo 23, na kwa kawaida mashirika ya ndege hayapokei begi moja lenye zaidi ya kilo 32, kwa sababu kuna binadamu atakayelinyanyua. Nilikwenda kwa muuza karanga nikapima begi kwenye mizani yake: kilo 26. Nimetoa viatu vyangu vyote isipokuwa jozi moja. Nguo zikunje mara chache, uziviringishe kwenye bomba la karatasi ngumu, na uandike orodha kwa Kiingereza yenye kueleza kila nguo ni ya nini, maana begi likifunguliwa na mtu asiyekujua, joho lenye tundu na ufagio wa katani vinahitaji maelezo.

Jioni nikampitia fundi kumlipa. Akahesabu fedha, akanirudishia nusu, akasema badala ya nusu hiyo anataka merikani. Doti moja tu, si zaidi, kama wazee walivyolipwa. Nikasema sawa, nikamsogezea kitambaa na chaki. Chaki akaiacha mezani. Akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha, akaanza kuhesabu: moja.