Kulinganisha Uhalifu wa Vijana wa Nchi Mbalimbali

Madhumuni: Mwanachuo aweze kuwaongoza wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi kulinganisha hesabu za uhalifu wa vijana pasipo kulihukumu taifa lolote.

Mwalimu aanze kwa mfano mmoja. Mtoto wa miaka 11 aibaye baiskeli huko Uingereza aweza kushtakiwa, kwani sheria ya huko humwajibisha mtoto tangu atimizapo miaka 10. Ujerumani hashtakiwi mpaka afikishe miaka 14, na Norwei miaka 15. Kitendo ni kile kile. Kinachotofautiana ni sheria.

Denmark yatupa funzo kubwa zaidi. Mwaka 2010 nchi hiyo iliuteremsha umri huo kutoka miaka 15 hadi 14, na mwaka 2012 ikaurudisha kuwa 15. Hivyo, kijana wa miaka 14 aliyeiba mwaka 2011 aliweza kushtakiwa, bali yule aliyeiba akiwa na umri huo huo mwaka 2013 hakuweza. Kenya nayo, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliupandisha umri huo kutoka miaka 8 hadi 12.

Baada ya mifano hiyo, mwalimu aandike ubaoni maswali matatu:

1. Sheria humwajibisha mtoto tangu umri gani?
2. Kitendo gani huitwa kosa? Katika majimbo mengi ya Marekani, utoro wa shule waweza kumfikisha mtoto mahakamani. Kwingineko ni shauri la mwalimu na mzazi.
3. Nani aliyeandika hesabu? Shauri linalosuluhishwa na wazee halifiki katika daftari la polisi.

Majibu yakipatikana, ndipo ulinganisho uanze. Hapo wanafunzi wataona jambo linaloonekana karibu kila nchi: wavulana hukosa kuliko wasichana, na vijana walio wengi huacha makosa wanapokua.

Jambo hili la mwisho lamhusu mwalimu mwenyewe. Mtoto aliyeiba kalamu leo, akibandikwa jina la mwizi mbele ya wenzake, hufungiwa mlango ambao wengi hutokea. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumvunja.

Zoezi: Tayarisha somo la dakika 40 ukitumia maswali hayo matatu kulinganisha nchi mbili.