Mafunzo Niliyopata Kichwani mwa Mteja

Mabinti mnaotaka saluni zenu Kilwa Masoko, Kivinje hata Lindi mjini, kusuka mtakujua. Haya mengine sikufundishwa na mtu.

1. Papasa kabla ya kusuka

Mteja mmoja, mtu mzima, aliketi mkekani akavua mtandio. Nilipomgusa utosini, ngozi ikabonyea kama sponji, kisha ikainuka. Hapakuwa na mba wala kidonda. Nywele za pale hazikuzidi sentimita 2, ilhali za pembeni zilifika mabegani. Siku hizi vidole vyangu hutangulia kitana.

2. Si kila upara ni mapunye

Mimi, fundi wa kujisifu, nikatangaza: "Mapunye hayo, shoga!" Nikamuuzia na mafuta juu yake. Mapunye ni fangasi: huwapata zaidi watoto, huacha magamba, huambukiza. Baadaye daktari wa ngozi alimwambia mteja huyo ana alopesia ya lipedema. Tabaka la mafuta chini ya ngozi ya kichwa huongezeka, na unene ambao kawaida ni kama milimita 5 au 6 huweza kupita sentimita 1. Ugonjwa huo hauambukizi. Daktari Cornbleet aliuandika unene huo mwaka 1935. Mwaka 1961 Coskey na wenzake wakaueleza pamoja na kunyonyoka nywele. Wengi waliokutwa na ugonjwa huo ni wanawake weusi watu wazima.

3. Tazama upara ulipoanzia

Nilihofu rasta zangu ndizo zilizomponza. Kumbe nywele zinazong'olewa na misuko ya kukaza huanza kuondoka pembezoni, kwenye paji na juu ya masikio. Ugonjwa wa mteja wangu huanzia utosini au kisogoni. Hata hivyo, tangu siku ile nasuka kwa kulegeza. Mteja akikunja uso, nafumua.

4. Jua kazi yako inapoishia

Chanzo cha ugonjwa huu hakijajulikana, na dawa ya uhakika hakuna. Kuutambua kunahitaji ultrasaundi au kipande kidogo cha ngozi kupimwa maabara. Chupa ya mafuta haisomi hayo. Anzeni na hospitali ya wilaya, Kinyonga pale Kivinje, mteja apewe rufaa. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990.

Msiogope kumpoteza mteja kwa kumwambia, "Hili silijui, nenda hospitali." Yule wangu bado anakuja kusukwa pembeni, na huja na wanawe.