Ukuta wa Jinja na Maji ya Ziwa

Huko Jinja, katika Uganda, Mto Nile hutoka Ziwa Victoria na kuanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Zamani mlango wa ziwa ulikuwa ni kizingiti cha mwamba, ambacho Bwana John Hanning Speke alikiona mwaka 1862 akakiita Ripon Falls. Ziwa lilipojaa, maji mengi yalivuka mwamba. Lilipopungua, yalivuka machache.

Mwendo mfupi kufuata mto, penye maporomoko ya Owen, ulijengwa ukuta wa saruji wenye kimo cha futi 100 hivi, na Malkia Elizabeth wa Pili akaufungua tarehe 29 Aprili, 1954. Siku hizi huitwa Nalubaale. Maji yazuiwayo na ukuta hupanda, kisha hushushwa kwa nguvu na kuzungusha magurudumu ya chuma, nayo magurudumu huzungusha mitambo ifanyayo umeme. Mitambo ilitiwa mmoja mmoja hata ikatimia kumi, yenye nguvu ya kilowati 150,000. Na tangu mwaka 1958 nyaya zilileta sehemu ya umeme huo Kenya. Wako wadhanio kwamba mtambo hula maji. Sivyo, maji yaingiayo ndiyo yatokayo, ila yamekwisha kutoa nguvu yake.

Lakini ukuta ulifanya jambo jingine lililo kubwa zaidi. Mwamba wa Ripon ulizama, na tangu hapo kadiri ya maji yatokayo ziwani huamuliwa na mtu afunguaye malango. Misri, ambayo mashamba yake huishi kwa mto huo, ililipa sehemu ya gharama, na ikakubaliwa kwamba maji yatolewe kwa kipimo kile kile ambacho mwamba ungaliyatoa.

Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kilianza kazi kando ya kile cha kwanza, kikitumia maji ya ziwa lile lile. Kisha mvua zikapungua, na malango yakatoa maji kupita kipimo ili umeme usikatike. Kufika mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kuliko wakati wowote katika miaka 80 iliyotangulia. Ukame ulikuwa na sehemu yake, na malango yalikuwa na yao. Wavuvi wa Kisumu na Mwanza, wasio na amri juu ya malango hayo, waliona maji yakiuacha ufuo wao. Uganda ilipopunguza maji, Kampala ikapata giza, na umeme ukafanywa kwa mafuta ya dizeli kwa gharama kubwa.

Kituo cha Bujagali, kilichofunguliwa mwaka 2012 maili chache chini ya Jinja, hutumia maji yale yale mara ya pili, bila kuliomba ziwa tone jingine.