Mmea Hautafuni, Hunywa
(Somo la Shambani)



Mvua zetu za Kakese ni za msimu mmoja. Kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili. Anayekosea katika miezi hiyo hana msimu wa pili wa kujisahihisha. Na wengi wetu sasa hununua mbolea. Fedha za mfuko mmoja pengine zimetokana na mbuzi aliyeuzwa, au zilikuwa za sare ya mtoto. Basi tujifunze kwa nini mbolea ile ile humfaa mmoja na kumpotea mwingine.

MMEA HULA NAMNA GANI?

Mmea hauna meno wa kutafuna punje za mbolea. Chakula chake lazima kwanza kiyeyuke katika maji ya udongoni, ndipo mizizi ikinywe. Kwa hiyo vitu vitatu vinapaswa kukutana mahali pamoja: chakula, maji na mzizi. Kikikosekana kimoja, zao hubaki na njaa ingawa mbolea ipo. Ndiyo maana wakati wa ukame mahindi machanga huweza kugeuka rangi ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, hata katika shamba lililotiwa mbolea. Chakula kipo, ila hakuna maji ya kukifikisha mizizini.

VYAKULA VIWILI, TABIA MBILI

Fosforasi, iliyo nyingi katika DAP, husaidia mizizi kukua. Hii haisafiri. Hung'ang'ania udongo kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Ukiitupa juu ya ardhi, mizizi iliyo chini haitaipata.

Naitrojeni, iliyo katika urea, ndiyo inayoyapa majani rangi ya kijani. Hii ni msafiri. Ikishageuka kuwa naitreti udongoni, hufuata maji yaendako, na mvua ikizidi hushushwa chini kuliko mizizi. Tena urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu bila kufukiwa, sehemu yake hugeuka kuwa hewa ya amonia na kupaa. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kila kilo inayopaa umeilipia.

KATIKA MAHINDI

Chimba shimo la sentimeta 10 hivi. Tia DAP kizibo kimoja cha soda, yaani kama gramu 5. Fukia kwa udongo wa sentimeta 5, kisha weka mbegu mbili na kufukia tena. Mbolea isiguse mbegu, kwa maana chumvi yake huiunguza. Ukipanda mistari kwa sentimeta 75 na mashimo kwa sentimeta 60, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Hesabu yake ni kilo 45, kwa hiyo mfuko mmoja unatosha.

Mahindi yakifika magotini, palilia kwanza, magugu yasile chakula cha watoto wako. Kisha weka urea upana wa kiganja kutoka kwenye shina, ukaifukie. Udongo uwe na unyevu. Ukiwa mkavu kabisa, ngoja mvua. Na ukiona mvua kubwa inakuja, ngoja ipite. Penye udongo wa kichanga, afadhali kuigawa urea mara mbili.

KATIKA JARUBA LA MPUNGA

Tuchukue mfano wa majirani wawili. Wa kwanza alimwaga urea juu ya jaruba lililojaa maji. Usiku mvua ikanyesha, maji yakapita juu ya kingo, na mbolea ikaenda nayo bondeni. Wa pili alipunguza maji mpaka tope likaonekana, akaziba kingo, akatia urea na kuichanganya na tope wakati wa palizi. Baada ya siku mbili tatu akarudisha maji. Walinunua mfuko wa bei moja, lakini hawakuvuna sawa.

Ila asiye na uhakika wa kupata maji mengine asiyatoe yote, kwa kuwa jaruba likikauka na kufurika tena na tena, naitrojeni nyingi hupotea hewani. Huko Bangladesh wakulima wengi wamefundishwa kuzamisha vidonge vya urea ndani ya tope, sentimeta 7 hadi 10, katikati ya kila mashina manne ya mpunga. Huko chini haichukuliwi upesi na maji wala hewa, na mizizi huinywa polepole.

Udongo wa mashamba yetu haufanani. Kabla ya kununua, muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako ni mbolea gani inayofaa na kwa kiasi gani. Lakini mahali pa kuiweka na siku ya kuiweka ni kazi ya macho yako na mikono yako mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini DAP hutiwa shimoni wakati wa kupanda, na urea hungojea mahindi yakue?

2. Msimu uliopita, mbolea yako ilikutana na maji na mizizi, au ilipotelea wapi?

3. Kingo za majaruba yetu zikoje? Je, majirani waweza kuzitengeneza pamoja kabla ya Novemba?