Samaki, Chumvi na Saa ya Mwili

Maji yanayotiririka Mvumi, wilayani Kilosa, ni sehemu ya bonde la Mto Wami, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Katika bonde hilo huishi perege aitwaye kwa jina la kisayansi Oreochromis urolepis. Huku juu maji ni baridi, yaani hayana chumvi nyingi. Mtoni mwishoni, bahari hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kiasi cha chumvi hubadilika nayo. Je, samaki hustahimilije badiliko hilo?

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Damu ya samaki wengi wenye mifupa ina nguvu ya chumvi ipatayo thuluthi moja tu ya hiyo. Kwa hiyo katika maji baridi, maji humwingia samaki kwa njia ya osmosi na chumvi humtoka. Figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua hufyonza chumvi kutoka majini. Baharini mambo hugeuka: maji humtoka, naye hulazimika kunywa maji ya bahari, kisha matamvua huitoa chumvi iliyozidi. Homoni ya prolaktini husaidia kazi ya kwanza. Kortisoli husaidia ya pili.

Kazi zote hizi hutumia nishati itokanayo na chakula na oksijeni. Nishati iliyotumika kusukuma chumvi haiwezi tena kujenga nyama.

Samaki ana pia saa ya mwili. Giza liingiapo, tezi ya pineali katika ubongo hutoa melatonini, na mwili hutambua kuwa ni usiku. Uchunguzi wa baadhi ya samaki umeonyesha kwamba kiasi cha melatonini hubadilika chumvi ya maji inapobadilika. Kortisoli nayo hupanda na kushuka katika muda wa saa 24. Basi chumvi na saa ya mwili hazitengani kabisa.

Jambo hili lina faida kwa mfugaji. Vifaranga vya perege vikitolewa katika bwawa la maji baridi na kutiwa ghafla katika maji ya bahari, vingi huweza kufa. Chumvi ikiongezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, matamvua hupata muda wa kujirekebisha. Aidha, mto ukipungukiwa maji wakati wa kiangazi, chumvi hupenya zaidi kuelekea bara. Maji yatumiwayo Kilosa, basi, yanawahusu samaki wa Saadani.

Jaribio: Kata vipande viwili sawa vya kiazi mviringo. Weka kimoja katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa mbili, vishike. Kipi kimelegea, na kwa nini? Kipi kinafanana na hali ya samaki wa baharini?