NJIA YA WAENDAO KWA MIGUU KATIKA MIJI MIDOGO: KUPENDEZA NA KUPITIKA NI KAZI MOJA

Uso wa mji mdogo ni mtaa wake wa madukani. Mara nyingi mtaa huo unapotengenezwa, barabara ya magari ndiyo hufikiriwa kwanza, na waendao kwa miguu huachiwa nafasi iliyobaki. Somo hili linaeleza namna ya kuipanga njia yao ili ipendeze na ipitike na kila mtu.

Visiwani elimu hii si ngeni. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, baraza za mawe zimeambatana na kuta za nyumba. Watu hukaa hapo kuzungumza, na mvua kubwa inapojaza maji vichochoroni, wapitaji hupita juu yake. Hata hivyo, baraza haipandiki kwa kiti cha magurudumu, na ni shida kwa mzee mwenye mkongojo. Urithi huo unahitaji kuendelezwa. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka vikwazo viondolewe katika majengo na barabara.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

Kwanza, upana. Kiti cha magurudumu huhitaji kiasi cha mita 1.5 ili kigeuke, na viti viwili hupishana vizuri katika mita 1.8. Upana huo uwe wazi, bila ya kuhesabu nguzo, miti wala bidhaa.

Pili, mteremko. Njia inapokutana na barabara, ukingo ushushwe kwa kipimo cha 1 kwa 12. Yaani ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8. Katika miji ya vilimani kama Wete, Chake Chake na Mkoani, mwinuko mrefu uwekewe vituo vya sawasawa vya kupumzikia. Hapo ndipo pafaapo kujengwa baraza chini ya mti, kando ya njia na si juu yake.

Tatu, maji. Njia ilale kidogo upande wa mtaro, isizidi sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Mtaro ufunikwe, na mianya ya mfuniko iwe myembamba na ikingame na mwendo wa wapitaji, isije ikanasa gurudumu au fimbo ya asiyeona.

Nne, alama. Vigae vyenye vinundu vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake, na mwaka 1967 vilitandazwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama, karibu na skuli ya wasioona. Vinundu humtahadharisha mtu kuwa amefika penye kivuko. Mistari humwonesha muelekeo. Rangi yake itofautiane na sakafu, ili imfae pia mwenye uoni hafifu.

Tano, mpango wa kazi. Mabomba ya maji na nyaya za umeme na simu zitangulie kuzikwa, kisha vigae vitandazwe. Afisi zisipopatana mapema, njia iliyojengwa leo huchimbwa kesho, na kiraka hakifanani na nguo.

Sita, matunzo. Njia ni kama mnyororo: pete moja ikikatika, wote umekatika. Mtaa unaweza kuwa na mita 200 za sakafu nzuri, lakini vespa moja iliyoegeshwa juu yake, au kasha moja la bidhaa, humlazimisha mwenye kiti cha magurudumu kushuka barabarani kati ya magari. Hatari hiyo humfika pia mama mwenye mtoto mgongoni na mwanafunzi aendaye skuli.

Kwa hiyo, watendaji wanashauriwa kuipita njia nzima pamoja na watu wenye ulemavu kabla ya ramani kupitishwa, na tena kabla ya kazi kupokelewa kwa fundi. Wenye maduka nao wapange bidhaa ndani ya mipaka yao, na wakaazi wasitupe taka mitaroni. Mtaa unaompitisha kila mtu kwa salama ndio mtaa mzuri.